Desemba naenda Moshi na mbwa kwenye Toyota IST, ila gari linamtapisha. Nifanyeje?

#1 Mtu wa Mbezi (28 Novemba)
Wakuu habari. Wale wenzangu wa kwenda kuhesabiwa Desemba, yaani kurudi kijijini kwa sikukuu, mtanielewa. Tarehe 20 napandisha Marangu, huko Moshi, na mke, watoto wawili na mbwa wetu. Ni jike, miaka minne, chotara wa German Shepherd na mbwa wa mtaa, kilo 28, anaitwa Hayawahusu. Jina alipewa na mama watoto, kipindi kile jirani mmoja alikuwa haishi kuuliza tumejenga kwa hela gani.

Mwaka jana tulimwacha na kijana wa getini. Tuliporudi mbavu zinahesabika, na ule mfuko wa dagaa tuliouacha haujapungua hata robo. Mwaka huu kijana mwenyewe anaenda kwao Singida. Kwa hiyo mbwa anasafiri, hilo halina mjadala.

Shida ni hii. Jumapili nilimjaribu mpaka Kibaha. Hatujafika Kibamba udenda unatiririka, anapiga miayo mfululizo, anatetemeka. Kiluvya akatapika ndani ya begi la shule la mwanangu. Ndani kabisa, zipu ilikuwa wazi. Sasa hiyo ni nusu saa tu, na Moshi ni kilomita zaidi ya 500. Waliowahi kusafiri na mbwa tusaidiane: chakula, dawa, karatasi, kila kitu.

#2 Kiroboto
Mwanao alimwambia nini mwalimu Jumatatu? Maana "mbwa alikula homewiki" tumezisikia, hii ya mbwa kuitapikia ni mpya.

#3 Mzee wa Kibosho
Mbwa ana akili kuliko wewe. Ameshajua huko mnakoenda atafungwa mgombani siku kumi na tano. Mimi kwetu mbwa haingii ndani hata awe na digrii. Ulishamwambia mama yako kwamba anakuja mgeni wa aina hiyo?

#4 Tochi ya Mombo
Mimi ni dereva, hiyo njia nimeipiga miaka kumi na moja. Mbwa anatapika kwa sababu ulimlisha. Usimpe chakula tangu usiku, na maji usimpe mpaka mfike. Tumbo tupu halina cha kutoa. Mwisho wa habari.

Na upite Bagamoyo, utokee Msata. Chalinze Desemba ni foleni tupu.

#5 Mama Pacha
Tochi ya Mombo hapo kwenye maji umeteleza kaka. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema na kutoa ulimi. Umnyime maji kwa saa kumi, upite naye Korogwe na Same mchana wa Desemba, utafika na mzoga.

Mimi nilisafiri na wangu kwenda Iringa. Hakula kuanzia saa mbili usiku, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Maji nilimpa kidogo kidogo kila tuliposimama. Hakutapika. Ila tofauti yake na wako, wangu tangu mdogo amezoea kupanda gari.

#6 Bwana Mifugo
Habari za humu. Nifafanue kidogo maana ni kazi yangu.

Kutapika garini kuna mzizi zaidi ya mmoja. Mbwa mdogo chini ya mwaka, mara nyingi ni sikio la ndani, lile linalopima usawa wa mwili, halijakomaa. Wengi huacha wakikua. Mbwa wa miaka minne mimi kwanza natazama hofu. Mtu wa Mbezi, nikuulize: huyu mbwa amewahi kupanda gari akapelekwa sehemu nzuri? Au kila akipanda anaishia kwenye sindano?

Miayo, kutetemeka na udenda kabla hata mwendo haujakolea, hiyo kwangu ni hofu.

Swali jingine, usione aibu: yuko kwenye joto, au anakaribia? Jike wa umri huo asiyefungwa kizazi hilo ni la kujua kabla ya safari.

#7 Mtu wa Mbezi
Bwana Mifugo asante. Daah, umenishika. Ukiacha hiyo Jumapili, gari amepanda mara tatu maisha yake yote na zote ni chanjo. Mara ya mwisho daktari alishika mkia tu, mbwa akajikojolea.

#8 Tochi ya Mombo
Hofu, hofu. Mimi nina abiria wazima wana ndevu, tukianza kona za Mombo kupanda Soni wanaomba mfuko. Nao wanaogopa sindano? Ni kona na tumbo. Mbwa akikaa chini pale kwenye miguu haoni mbele, anaona viti vinacheza tu. Mnyanyue aone barabara.

#9 Mla Korosho
Hakuna aliyesema harufu. Yale manukato ya kuning'iniza kwenye kioo mimi mwenyewe yananipa kichefuchefu, sembuse mwenye pua ya mbwa. Yatoe wiki nzima kabla. Angalia na kofia ya tangi, IST nyingi za zamani harufu ya petroli inaingia ndani.

#10 Kiroboto
Mpe Panadol alale.

#11 Bwana Mifugo
Kiroboto najua unatania, ila kuna mtu atasoma akafanya. PANADOL MSIMPE MBWA. Wala diklofenaki, wala brufeni. Zinachoma ini, figo na tumbo lake, na paka ndiyo kabisa, kidonge kimoja tu kinamuua. Dawa za kichefuchefu za mbwa zipo, zinatolewa kwa kilo baada ya kumwona. Msikisie.

Wewe mwenye uzi una wiki tatu, zinatosha. Siku mbili za kwanza mlishe ndani ya gari limezimwa, milango wazi. Kisha washa injini bila kuondoka. Kisha zunguka mtaa, urudi, umpe anachokipenda. Kisha mpeleke mahali pa kukimbia. Lengo ni asahau kwamba gari ni ambulensi.

#12 Bint Makorora
Salaam. Mimi niko Tanga, nawaomba jambo moja wasafiri wa Desemba. Mkikatiza Segera mkaja kwetu kulala kwa ndugu, semeni mapema kama mna mbwa. Mwaka juzi shemeji yangu kaja na wake, katoka garini mbio moja kwa moja juu ya mkeka wa bibi, kalamba sahani. Bibi kaosha ile sahani mara saba, moja kwa udongo, kisha kamwambia shemeji aende nayo. Hakugomba. Kamkabidhi tu sahani.

Hatuchukii mbwa. Kumfuga wa ulinzi inaruhusiwa. Ila mate yake ni najisi, kwa hiyo mtafutieni sehemu ya nje mapema, tusije tukavunjiana heshima.

#13 Mla Korosho
Bint Makorora, nyongeza tu: hiyo ya mara saba na udongo ndiyo tunayoifuata Waswahili wengi kwa kuwa ni Mashafii. Wamaliki wao mbwa kwao si najisi.

#14 Bint Makorora
Sawa shekhe, ila bibi yangu si Mmaliki na sahani ilikuwa yake.

#15 Kiroboto
Hahahaa uzi ufungwe, bibi ameshinda.

#16 Mama Pacha
Turudi kwenye safari. Mtu wa Mbezi, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa ukaangalie leo, usisubiri tarehe 19. Na kupe je? Mimi niliporudi Iringa wangu alikaa wiki mbili akaacha kula, fizi nyeupe kama karatasi. Ilikuwa homa ya kupe. Alipona, lakini hela iliyotoka ningenunua mbuzi wawili.

#17 Mzee wa Kibosho
Kupe unamwogesha dawa ya ng'ombe, unamaliza. Baba yangu kafanya hivyo miaka yote.

#18 Mtu wa Mbezi
Mzee wa Kibosho hapo hapana. Mdogo wangu alifanya hivyo kwa vitoto vya mbwa, alipima kwa kizibo cha soda. Vikajilamba. Jioni vilikuwa vinatoa povu, viwili vikafa mikononi mwake. Hataki kufuga mpaka leo.

#19 Bwana Mifugo
Pole kwa mdogo wako. Ndiyo sababu tunasema mbwa ana dawa zake, za kudondosha mgongoni au mkanda wa shingoni. Za josho kipimo kikizidi ni sumu, na mbwa hujilamba, ng'ombe hawezi kuufikia mwili wote.

Kuhusu chanjo: ya kichaa inachomwa kuanzia umri wa miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka. Kama ni ya kwanza maishani inahitaji wiki tatu hadi nne kufanya kazi, kwa hiyo anayemchoma mbwa jana ili asafiri leo anajidanganya. Na huko vijijini mbwa wengi hawana chanjo yoyote. Uliza pia ya homa ya mbwa (distemper) na ya kuhara damu (parvo). Akiumwa na mbwa, au mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ni wa mjomba. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna anayerudi.

Kadi ya chanjo uiweke pamoja na leseni. Halafu pitia kwa afisa mifugo wa wilaya uulizie kibali cha kumsafirisha.

#20 Tochi ya Mombo
Kibali cha mbwa? Miaka kumi na moja sijawahi kuona mbwa anaulizwa kibali. Ng'ombe sawa.

#21 Bwana Mifugo
Kutoulizwa si ruhusa, ndugu dereva. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 haikuandikwa kwa ng'ombe peke yake. Wewe umewahi kukamatwa kila ulipozidisha spidi ya 50?

#22 Tochi ya Mombo
Hapo umenipiga chini ya mkanda.

#23 Jirani wa Taita
Hamjambo ndugu zetu. Mimi nimeolewa Taveta, upande wa Kenya, Marangu ni hapo tu. Msifikirie eti kwa kuwa mpaka wa Holili ni karibu mtavuka na mbwa kuja kula Krismasi kwetu. Kuvuka ni hati ya afya ya mnyama na kibali cha kuingiza kutoka idara ya mifugo ya Kenya, na kinaombwa kabla, si pale mpakani. Shemeji yangu alirudishwa. Mbwa akalala Holili kwa muuza chipsi, aliponenepa akakataa kurudi.

#24 Yuko Ughaibuni
Huko ni afadhali. Mimi niko Minnesota, nilitaka kuja na wangu likizo Arusha. Kumtoa huku si kazi, kazi ni kumrudisha. Tangu Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani lazima awe na miezi sita kwenda juu, awe na chipu, na kuna fomu. Akitokea nchi wanazoziita za hatari ya kichaa, na Tanzania na Kenya zimo, mambo yanaongezeka. Wa Ulaya nao wanadai kipimo cha damu kuona kama chanjo imeshika, kinachukuliwa siku 30 baada ya chanjo, halafu unasubiri miezi mitatu. Nimemwacha kwa rafiki. Naongea naye kwa video, anaangalia pembeni.

#25 Kiroboto
Anaangalia pembeni kwa sababu amepata baba mwingine.

#26 Mtu wa Mbezi (9 Desemba)
Mrejesho mfupi. Siku nne amekula ndani ya gari limezimwa. Jana nimezunguka naye mtaa mara mbili, udenda upo lakini hajatapika. Nimetoa manukato. Chanjo ipo mpaka Machi.

Swali: watoto wanataka tufike naye getini pale Marangu wanakoanzia kupanda mlima, tutembee kidogo msituni. Inawezekana?

#27 Mzee wa Kibosho
Getini mtafika, ndani haingii. Hiyo ni hifadhi, mbwa hatakiwi. Anafukuza wanyama.

#28 Bwana Mifugo
Kufukuza ni sehemu ndogo, hofu kubwa ni magonjwa. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia kwa simba wa Serengeti, karibu theluthi moja wakafa, kama simba elfu moja hivi. Kidole kilielekezwa kwa mbwa wa vijiji vya jirani.

#29 Mla Korosho
Mimi mzee wangu aliyekuwa askari wa wanyamapori alikuwa akisema sababu ni majangili, wanawinda na mbwa, kwa hiyo mbwa yeyote hifadhini anahesabiwa ni silaha.

#30 Mzee wa Kibosho
Na chui je? Mbwa kwa chui ni mshikaki. Sababu zote mnazo, haingii.

#31 Mama Pacha
Mtu wa Mbezi, vitu vya kubeba: chakula chake kile kile anachokula Dar, ukibadilisha ghafla ataharisha na huko huna bomba la kuoshea gari. Blanketi lake bila kulifua, liwe na harufu ya nyumbani. Mkanda wa kifuani wa kumfungia kwenye kiti, usimfunge shingo, ukipiga breki utamnyonga. Kibati chenye namba yako ya simu.

Na usimwache garini mkishuka kula, hata "dakika tano". Jua la Same nje nyuzi 32, ndani vioo vimefungwa nusu saa tu imeshapita 40. Kuna basi moja nililowahi kupanda, mtu alimweka mbwa kwenye buti kwa ruhusa ya kondakta. Tulipofungua Segera sitaki hata kueleza.

#32 Kiroboto
Na mkesha wa mwaka mpya? Fataki, madebe, watu wanapiga kelele mgombani. Wa kwetu alikimbia saa sita kamili akapatikana tarehe 3 kanisani.

#33 Mzee wa Kibosho
Alienda kutubu. Angalieni pia mifupa ya ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima. Wageni wakishalewa kila mmoja anarusha mfupa wake. Mfupa uliochomwa unapasuka vipande kama sindano. Mbege nayo, pombe yetu ya ndizi, asionjeshwe, kuna wajomba wanaona ni mchezo.

#34 Bwana Mifugo
Mzee wa Kibosho leo umeongea kitaalamu, nakusujudia. Mtu wa Mbezi, lile swali langu la #6 la joto hukujibu.

#35 Mtu wa Mbezi (18 Desemba)
Wakuu nimetingwa na kufunga mwaka kazini. Tunaondoka Jumamosi alfajiri. Tuombeane.

#36 Mtu wa Mbezi (6 Januari)
Tumerudi salama. Kaeni nikae.

Tuliondoka saa kumi usiku. Hakula tangu jioni. Kwenye nafasi ya miguu ya nyuma nilijaza mabegi mawili ya nguo, juu nikatandika godoro la mtoto na blanketi lake, akawa amelala usawa wa kiti anaona mbele. Mama watoto alimpa kipande cha tangawizi, sijui nani alimwambia. Nilipita Chalinze, samahani Tochi. Msata akatapika mara moja, povu jeupe tu, kiasi cha kikombe cha kahawa. Baada ya hapo akaweka kidevu kwenye paja la binti yangu akalala mpaka Korogwe.

Mombo tukasimamishwa. 57 kwenye 50. Afande akachungulia nyuma, Hayawahusu akanyanyua sikio moja. Mazungumzo yakaenda hivi:
"Huyu mbwa ana chanjo?"
"Anayo afande, kadi hii hapa."
"Anaitwa nani?"
"Hayawahusu."
Akanitazama muda mrefu sana. "Nimekuuliza kwa ustaarabu."
Mke wangu akageukia dirishani, mabega yanacheza. Ikabidi nimwonyeshe kadi, jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Akaisoma, akamwita mwenzake aje asome. Faini nimelipa kama kawaida.

Kibali hakuulizwa mtu, ingawa nilikuwa nacho.

#37 Tochi ya Mombo
Si nilisema? Tumbo tupu na aone mbele. Lipeni ushauri wangu.

#38 Bwana Mifugo
Hapana, ni zile wiki tatu za kumzoesha.

#39 Mla Korosho
Manukato yalitolewa tarehe ngapi vile?

#40 Mama Pacha
Mmebadilisha vitu vitano kwa mpigo, hapo hakuna atakayejua. Au ni tangawizi.

#41 Mtu wa Mbezi
Kurudi tulisahau tangawizi na alikuwa ameiba makongoro (miguu ya ng'ombe) alfajiri, tumbo limejaa. Hakutapika hata tone. Sasa mnieleze.

Kijijini siku ya kwanza mama alisema "huyo alale kule". Siku ya tatu nikakuta amemwekea gunia jikoni karibu na moto, eti ni kwa sababu ya baridi. Funza alimwingia mguuni mmoja, tukamtoa. Fataki alizisikilizia chini ya kitanda cha mama. Ila usiku wa tarehe 27 alichomoka kwenye kamba, akarudi asubuhi na yule dume jeusi la duka la Mangi, wote wawili wamelowa umande, wametulia kabisa.

#42 Mzee wa Kibosho
Wametulia 🤣🤣

#43 Bwana Mifugo
Rudi #6. Kisha rudi #34.

#44 Mtu wa Mbezi
Nimerudi. Nimesoma. Zinakuwaga siku ngapi?

#45 Bwana Mifugo
63, toa au ongeza chache. Hesabu kuanzia tarehe 27.

#46 Kiroboto
Mwisho wa Februari. Ulienda kuhesabiwa, umerudi na nyongeza. Mimi nawekeza dume moja, jina ninalo tayari: Yamewahusu.

#47 Bint Makorora
Na mimi nitakuja kuchukua mmoja wa kulinda kuku. Atakaa nje.